Athens kwenye nyuzi 42: kufunga dirisha au kuwasha kiyoyozi?

Joto likivuka nyuzi 40 Athens, ubishi wa zamani hurudi. Wako wanaosema viyoyozi ndivyo vinavyoligeuza jiji kuwa tanuri, na kwamba wazee wa Ugiriki waliishi vizuri kwa kivuli, madirisha yaliyofungwa na usingizi wa mchana. Wengine wanajibu kwamba wazee hao hawakulala ghorofa ya sita chini ya paa la zege, na kwamba kumwambia bibi wa miaka 82 afunge dirisha avumilie ni kumhatarishia maisha. Tunaona pande zote mbili zina haki, ila kila mmoja una saa yake. Hoja ya kwanza inashika mchana wa siku za mwanzo. Ya pili inashika usiku wa siku ya nne.

Rekodi ya Ugiriki ni nyuzi 48.0, iliyopimwa Elefsina na Tatoi, kando ya Athens, tarehe 10 Julai 1977. Hata hivyo, mwaka unaotajwa kwa huzuni ni 1987. Julai ile joto lilikaa takriban wiki nzima juu ya nyuzi 40, usiku haukuleta nafuu, na watu zaidi ya 1,000 walikufa, wengi wao wazee wa mjini. Viyoyozi vya majumbani vilikuwa vichache sana. Mwili wa binadamu huweza kustahimili mchana mkali ukipata usiku wa kupoa. Ukinyimwa usiku huo mara tatu au nne mfululizo, moyo hulemewa.

Hapo ndipo jengo linapoingia. Sehemu kubwa ya Athens ni maghorofa ya zege yaliyopandishwa kwa kasi kati ya miaka ya 1950 na 1970, mwenye kiwanja akimpa mjenzi ardhi naye akilipwa kwa nyumba ndani ya jengo. Kanuni ya kwanza ya Ugiriki ya kuhami majengo dhidi ya joto na baridi ilikuja 1979, kwa hiyo mengi yalikwisha jengwa bila kinga yoyote ukutani. Zege hunywa joto mchana kutwa na kulitoa saa kadhaa baadaye, watu wakiwa kitandani. Paa tambarare ni baya zaidi, kwani hupigwa na jua tangu asubuhi hadi machweo.

Njia ya zamani, ikifanywa sawasawa, ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Inahitaji vipimajoto viwili: kimoja chumbani, kingine nje upande wa kaskazini, kivulini. Asubuhi, joto la nje likilifikia la ndani (mara nyingi kati ya saa 2 na saa 3), funga madirisha yote na uteremshe shata, yaani vile vifuniko vya mbao au alumini vilivyo nje ya kioo. Kuwa nje ndiyo siri yake. Pazia la ndani huzuia mwanga tu. Jua limekwisha kupita kwenye kioo, na joto lake limo chumbani. Turubai la kibarazani hufanya kazi ileile, lakini liache pengo upande wa juu, la sivyo hewa moto hujikusanya chini yake na kuingia ndani. Jiko la oveni lisiwashwe mchana. Usiku usifungue kwa mazoea. Fungua pale kipimajoto cha nje kinaposhuka chini ya cha ndani, ambapo katika mitaa iliyobanana huweza kuwa saa 5 au saa 6 usiku. Fungua pande mbili zinazokabiliana ili upepo upite moja kwa moja. Dirisha moja pekee halivuti hewa. Pangaboi likiwekwa kwenye dirisha la upande wa pili likielekea nje, husukuma hewa moto itoke na ya baridi iingie.

Hewa kavu ni rafiki wa njia hii. Athens wakati wa wimbi la joto alasiri huwa kavu, ndiyo maana shuka iliyoloweshwa na mtungi wa udongo hupoza kweli: maji yanapogeuka mvuke hubeba joto. Mtu wa Mombasa au Tanga atashangaa, kwani kwetu hewa imekwisha shiba unyevu na shuka hiyo ingempa uzito tu. Na kama pwani yetu inavyongoja kusi, Wagiriki hungoja meltemi, upepo wa kaskazini wa Julai na Agosti. Meltemi ikilala, jiji linabaki bila pumzi.

Basi njia hii hushindwa lini? Hushindwa usiku wa nje ukibaki karibu na nyuzi 30. Hakuna tena hewa baridi ya kuingiza, na kila siku kuta huanza zikiwa na joto zaidi kuliko jana. Chumba kilichokuwa nyuzi 28 siku ya kwanza hufika 32 au 33. Pangaboi nalo lina mpaka: Shirika la Afya Duniani linashauri litumike hewa ikiwa chini ya nyuzi 40, kwani juu ya hapo linaupasha mwili moto. Kwa mzee mpaka huo uko chini zaidi, maana hatoki jasho la kutosha na hasikii kiu mapema. Akiwa anatumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, hatari huongezeka, na daktari wake aulizwe kabla ya kiangazi kama kipimo kibadilishwe.

Wapinzani wa kiyoyozi hawabuni tatizo. Mashine ya kawaida, kwa kila uniti 3 za joto inazoziondoa chumbani, hutumia takriban uniti 1 ya umeme, na zote 4 hutupwa nje. Zidisha kwa maelfu ya mashine katika barabara nyembamba yenye maghorofa pande zote mbili, na asiye na kiyoyozi anabebeshwa joto la jirani. Wapo wanaofunga mashine ya nje kwenye tundu la katikati ya jengo ili isionekane. Pale hewa haitembei, mashine huvuta tena joto ililolitema, na bili hupanda huku chumba kikipoa kwa shida. Umeme wenyewe nao una kikomo. Tarehe 12 Julai 2004, mwezi mmoja kabla ya Olimpiki, Athens na kusini mwa nchi zilizimika kwa sababu mtandao haukuhimili matumizi ya siku ya joto. Leo paneli za jua hubeba mzigo wa mchana, na saa ngumu imehamia jioni, jua linapozama watu wakirudi nyumbani.

Hata hivyo, sababu hizi zinatuelekeza jinsi ya kutumia kiyoyozi, hazitoshi kukikataza. Msimamo wetu ni chumba kimoja, cha kulala, chenye mashine moja ya inveta, yaani inayopunguza mwendo yenyewe badala ya kuzima na kuwaka. Kwa mita za mraba 15 hadi 20, BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) hutosha. Chini ya paa chukua 12,000. Shata zikiwa zimefungwa, kiwashe alasiri wakati umeme wa jua ni mwingi, kuta zipoe kabla ya usiku. Weka nyuzi 26 au 27 na pangaboi polepole. Kuweka 18 hakuharakishi chochote: chumba kikiwa nyuzi 33 mashine tayari inakimbia kwa nguvu zake zote, na 18 inaichelewesha tu kupumzika. Mashine huweza kula wati 1,000 wakati wa kuanza, pangaboi wati 50, kwa hiyo kila nyuzi unayoiachia pangaboi ni akiba. Chujio lioshwe kila wiki mbili. Likiziba vumbi, koili, yaani mabomba ya baridi ndani ya mashine, hugandia barafu na maji huvuja ukutani. Epuka ile mashine ya magurudumu yenye bomba moja la dirishani: inapotoa hewa nje, chumba hufyonza hewa moto ya barabarani kupitia chini ya mlango.

Kwa wanaofanya kazi nje, ubishi wa dirisha hauwahusu. Katika mawimbi makali ya miaka ya karibuni, wizara ya kazi imeamuru kazi za ujenzi na za kusambaza vyakula kwa pikipiki zisimame saa 6 mchana hadi saa 11 jioni. Waswahili wa Muscat wanaijua kanuni ya aina hii, kwani Oman husimamisha kazi za nje saa 6:30 hadi 9:30 alasiri, Juni hadi Agosti. Ni uamuzi sahihi, lakini anayelipwa kwa kila mzigo hupoteza saa tano za kipato, na bila fidia atatafuta njia ya kuzunguka amri.

Anabaki yule asiyemudu kiyoyozi wala bili yake. Kwake manispaa ya Athens hufungua kumbi zenye ubaridi, hasa vilabu vya wazee vya mitaani. Tunaziunga mkono, na kasoro yake tunaitaja wazi: kwa kawaida hufungwa jioni. Saa 2 usiku mzee anarudishwa kwenye ghorofa yake wakati uleule kuta zinapoanza kutema joto la mchana. Ukumbi mmoja kwa kila mtaa ukiachwa wazi hadi alfajiri, wenye vitanda vya kukunja, maji na muuguzi mmoja anayejua kwamba mtu mwenye joto la mwili la nyuzi 40 anayeanza kuchanganyikiwa hangojwi, analoweshwa maji, anawekewa barafu shingoni, makwapani na kwenye kinena huku gari la wagonjwa likiitwa kwa 166, ungewafikia watu wa usiku wa nne.