Umeme Wangu, Jengo Langu

Anayetaka kujua bati la Tukuyu lina sauti gani akapige muziki chini yake mwezi wa tano. Baa tuliyoitwa haikuwa na dari. Mvua ilipoanza, fundi mitambo akapandisha sauti, na mvua nayo ikapandisha. Kufika saa tatu usiku mimi mpiga besi nilikuwa nafuata mguu wa mpiga drams kwa macho, maana masikio yalishastaafu.

Tulitoka Mbeya mchana kwa Noah ya kukodi, tumebanana ndani, spika na ngoma juu chini ya turubai. Turubai lilikuwa na tundu, na tundu likaangukia tumba. Tulipofika, Mjomba (ndivyo tunavyomwita mpiga tumba wetu, ana umri wa kutuzaa wote) akaipiga kofi moja, ikaitika kama godoro. Ngozi ya ng'ombe ikilowa inalegea, dawa yake ni moto. Akaibeba hadi kwa mchoma nyama, akaomba iwekwe kando ya jiko ikauke taratibu, yeye akaenda kutafuta chai.

Mchoma nyama yule alikuwa mkarimu kupita kiasi. Akaona si vizuri kitu cha wageni kukaa mbali na moto, akaisogeza. Kisha akagundua ina kimo kizuri na juu ni bapa. Mjomba aliporudi alikuta juu ya tumba yake kuna mbuzi nusu kilo, chumvi, pilipili, ndizi za kuchoma, na vijana wawili wamevuta viti.

"Shikamoo mzee," wakamwambia, "karibu mezani."

Mjomba hakuitikia shikamoo. Aliifuta kwa leso, akaijaribu. Ngozi ilikuwa imekaza mpaka inalia kama inalalamika, na kila akiipiga inatoa harufu ya mbuzi. Ndiyo maana mashabiki wa kwanza kusogea jukwaani usiku ule walikuwa mbwa wawili. Walikaa mbele kabisa, hawakukohoa, hawakuomba wimbo. Sijawahi kupigia watu wasikivu namna ile.

Bango la nje liliandikwa "Kiingilio kinywaji chako". Asiyeujua mtindo huo aelewe hivi: mtu akinunua soda moja saa mbili, ameinunua bendi mpaka alfajiri. Na Tukuyu kwa baridi ile hakuna anayeharakisha chupa. Mhudumu akiuliza baridi au moto, wote wanataka ya moto, na wengine wanaipakata kwanza ndipo waifungue.

Basi tuko katikati ya rumba, solo ndiyo kwanza anaingia kwenye sebene, pap! Giza. Magitaa kimya, kinanda kimya, maiki kimya. Nikabaki nimekumbatia ubao wenye nyaya nne. Tukadhani umeme umekatika mji mzima, lakini duka la jirani taa inawaka. Sauti ya mama mwenye baa ikatoka kaunta: "Luku imeisha! Nani ana salio kwenye simu? Ya kwangu haina chaji."

Akajitokeza mzee mmoja mfanyabiashara wa ndizi, koti zito, kofia ya sufu. Akasema atanunua umeme wa elfu tano, amsaidie mama. Ujumbe ukaingia. Sasa mita ilikuwa kwenye korido ya kwenda chooni, binti wa kaunta yuko huko kamulikiwa tochi, na mzee hataki kumpa mtu simu yake. Akasimama palepale ukumbini akaanza kuzisoma tarakimu ishirini za kubonyeza kwenye mita kwa sauti ya mnadani: "Nne! Saba! Sifuri! Mbili!"

Mwimbaji wetu hawezi kuvumilia ukimya. Akaitikia kwa sauti kavu: "Nne saba sifuri mbiliiii!" Drams ikadokeza. Mjomba, ambaye tangu jioni alikuwa na hasira za kutosha, akazimwaga zote kwenye ile tumba ya choma. Ilikuwa imekaza kiasi kwamba ilishinda bati. Kwa mara ya kwanza usiku ule watu waliisikia bendi.

Zilipofika ishirini, binti akapiga kelele toka koridoni: "Imekataa!"

Baa nzima: "Rudiaaa!"

Mzunguko wa pili watu walishaijua korasi. Kina mama wa meza ya pembeni wakapanga mstari, wakawa wanazunguka nguzo. Mlevi mmoja akambandika mwimbaji noti ya elfu mbili kwenye paji la uso, akitafuta uso kwa kupapasa. Tulipewa tuzo nyingi gizani kuliko tulizopata kwenye mwanga, nami kama kawaida ya wapiga besi sikupata hata shilingi. Imekataa tena, nadhani binti alikuwa anabonyeza huku anacheza. Mara ya tatu ikakubali, taa zikawaka, na ukumbi mzima ukaguna: "Aaah, zimeni!"

Hapo ndipo mzee alipousoma ujumbe wake vizuri. Ulikuwa mwanzo wa mwezi, na luku ya kwanza ya mwezi inakatwa kodi ya jengo. Elfu moja na mia tano imekwenda, uniti zilizobaki hazifiki kumi.

"Mama," akauliza, "kwa hiyo nimekulipia na jengo?"

"Ndaga fijo, baba," mama akamshukuru kwa Kinyakyusa, akaendelea kufuta glasi.

Mzee akavuta kiti akakiweka mbele ya jukwaa, kati ya wale mbwa wawili. Akatangaza kuwa kuanzia sasa umeme ni wake, jengo ni lake, na anataka wimbo mmoja tu, wa zamani, aliouchezea harusi yake. Tukaupiga. Akasema rudieni. Tukarudia. Kiongozi alipojaribu kubadili, mzee alinyanyua kidole kuelekea koridoni, kule kwenye mita, na kiongozi akaelewa.

Baadaye akaenda kaunta akachomoa friji, eti inakula umeme wake na hakuna anayekunywa baridi. Akachomoa na simu za watu zilizokuwa zinachajiwa. Kila wimbo ukiisha anakwenda koridoni, anarudi kututangazia uniti zilizobaki. Mama hakumgusa, mteja anayekunywa na kulipa kodi ya jengo hagombezwi.

Malipo yetu yalikuja pungufu. Wale vijana wa mbuzi nusu kilo waligoma kulipa, wakidai nyama imeliwa juu ya ngoma ya watu, na mama akaona deni hilo ni la wenye ngoma.

Saa nane mzee alikuwa amesinzia, kidevu kifuani. Tukakunja nyaya kwa kunyata. Mjomba akaibeba tumba mpaka Noah, mbwa wakamsindikiza. Nilikuwa nafunga begi la besi mzee alipofungua jicho moja.

"Zimebaki tatu na nusu," akasema. "Mnakwenda wapi?"