Besi isiyo na freti si ya jazi peke yake

Kuna mwandishi aliyedai kwamba gitaa la besi lisilo na freti, yaani vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, ni la jazi tu. Hapana. Wapigaji wa Arusha waanze na "You Can Call Me Al" ya Paul Simon (1986), besi ikipigwa na Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini. Kile kipande cha kasi kuelekea mwisho alipiga nusu tu. Nusu ya pili ni ileile, utepe wa kurekodia umegeuzwa kinyumenyume. Msikeshe mkikiiga chote! Igeni anavyoteleza kuingia kwenye noti, maana hapo ndipo utamu wote ulipo. Kisha "Wherever I Lay My Hat" ya Paul Young (1983), ambapo besi ya Pino Palladino inafungua wimbo kama mwimbaji.

Kidole kikae juu kabisa ya mstari wa freti, yaani pale freti ingekuwa. Kikikaa nyuma yake, kama mlivyozoea kwenye besi yenye freti, noti inashuka. Kwa ile sauti kama ya kilio, piga karibu na daraja, pale nyuzi zinaposhikiliwa mwilini mwa gitaa, nyuzi zikiwa karibu na ubao wa shingo.

Anayetaka kung'oa freti za besi ya kawaida azipashe moto kwanza, azivute polepole kwa koleo, la sivyo mbao inameguka. Mifereji ijazwe vipande vyembamba vya mbao na gundi, kisha msasa. Wengi husahau kuchimba zaidi vijia vya nyuzi kule kichwani mwa shingo, kwa hiyo nyuzi zinabaki juu mno. Na tafadhali, fungeni nyuzi zenye uso laini. Zile za mikwaruzo zinakula mbao.