Panya Aliyekuwa Ndani ya Chungu

Dada yangu alisafiri miezi miwili, akaniachia ufunguo wa nyumba na ua lake. Ufunguo alinirushia. Ua alinikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kichanga, akasema, "Mdogo wangu, hili halitaki maji mengi." Nikamwambia, "Dada, nenda salama. Ua tu hili, litanishinda nini?"

Lilikuwa saintpaulia, lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya laini kama sikio la paka. Asili yake ni misitu ya milima ya Usambara, ambako hujishikiza kwenye miamba yenye kivuli, maji yakifika yanapita zake. Hayo niliyajua baadaye. Wakati huo nilijua kwamba chenye uhai hunywa maji, basi.

Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Chungu chake kilikuwa na matundu chini, lakini dada alikuwa amekitumbukiza ndani ya chungu kingine cha urembo, kisicho na tundu hata la sindano. Kwa hiyo halikudondoka tone mezani. Nikajisifu kwa usafi.

Wiki ya pili majani yakalegea. Roho ikaniuma: kiu hiyo! Nikaongeza kikombe cha mchana. Likazidi kunyauka, nami nikazidi kumwagilia. Mke wangu alinikuta siku moja nikilinywesha, akagusa udongo, akauliza, "Huu umelowa chepechepe. Sasa hiyo kiu inatoka wapi?" Lilikuwa swali la maana sana, ndiyo maana nililipuuza.

Kisha ikaja harufu. Tukaafikiana kwamba panya amefia sebuleni. Tukavuta makochi, tukakunja zulia, nikalala kifudifudi na tochi kumulika nyuma ya kabati. Hakuna panya. Mke wangu akazitazama soksi zangu. Nikazivua, nikazinusa mwenyewe hadharani, nikatangaza kwamba hazihusiki. Hakuna aliyeniunga mkono. Zikafuliwa, harufu ikabaki palepale. Siku ya tatu mtoto wetu akapita karibu na meza, akaziba pua na kupaza sauti: "Baba, ua la shangazi limejamba!"

Nikakivuta chungu cha ndani. Kilitoka kwa shida, kikilia kama mguu unaochomoka kwenye tope. Chini yake palikuwa na maji ya rangi ya chai iliyochacha. Nikaligeuza ua juu ya gazeti. Mizizi yenye afya huwa myeupe na imekaza. Hii ilikuwa ya kahawia na imelainika. Niliushika mmoja nikauvuta taratibu. Ganda la nje likateleza lote na kubaki vidoleni mwangu, mle ndani ukabaki uzi mwembamba kama wa kushonea. Mke wangu akaondoka bila kuaga.

Kumbe mizizi nayo inapumua. Hewa yake hukaa katika vinafasi vilivyomo kati ya chembe za udongo. Vikijaa maji kutwa kucha, mizizi inakosa oksijeni, inakufa, na mzizi uliokufa haunywi. Ndiyo maana ua linanyauka kwa kiu likiwa limekaa majini. Halafu kuna vijidudu kama Pythium, ambavyo mbegu zake zina mikia na zinaogelea. Zinaogelea! Nami nilikuwa nimevichimbia bwawa, nalijaza mara tatu kwa siku.

Nikafanya upasuaji. Mkasi niliupangusa kwa spiriti, nikaosha mizizi, nikakata kila kilichooza mpaka nilipofikia penye uzima. Zikabaki nyuzi nne. Kwa mizizi minne chungu kikubwa ni kaburi, maana udongo mwingi unashika maji yasiyo na mnywaji, hivyo nikatafuta kidogo chenye matundu na udongo mpya mwepesi. Mbolea sikuitia, mgonjwa asiye na tumbo hapewi pilau. Jirani akanisisitiza nitandike kokoto chini ili maji yashuke vizuri. Wengi huliamini hilo, na si kweli: maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kwanza, kwa hiyo kokoto huusogeza unyevu ukaribie mizizi zaidi.

Siku ya nne shina likalainika katikati, ua likalala. Bahati nzuri saintpaulia huota kwa jani. Nilikuwa nimechuma matatu yenye nguvu na vikonyo vyake, nikayachomeka kwenye udongo wenye unyevu kidogo. Mawili yakaoza. Likabaki moja.

Na dada alikuwa anapiga simu ya video kila Jumapili. "Nionyeshe mwanangu." Nikawa nalisogeza lile jani hadi linajaza kioo chote. "Mbona karibu hivyo?" Nikasema, "Nataka uyaone manyoya yake, dada." Mke wangu, nje ya picha, alikuwa anauma mto wa kochi.

Wiki tano hizo sikumwagilia kabla ya kuchomeka kidole udongoni mpaka pingili ya kwanza. Kikitoka na unyevu, nilikaa chini na kuikunja mikono yangu. Maji yaliyochuruzika kwenye kisahani niliyamwaga papo hapo. Mtoto aliteuliwa kuwa mkaguzi wa harufu.

Dada aliporudi, alikipokea kile kichungu kwa mikono miwili vilevile. Akakitazama kitambo. Akalivuta jani kidogo kwa ncha za vidole. Likagoma, limeshaota mizizi. Akainama karibu kabisa, akafumba jicho moja kama kamera.

"Hili jani," akasema, "nalijua."