Slaidi haiuzi sementi

Fungua tovuti za biashara za Lubumbashi, utaona nyingi zimefanana kama sare ya shule. Picha kubwa inajaza skrini, inapita, inakuja nyingine, ndiyo slaidi, na juu yake maneno ya kumkaribisha mgeni na kusifu ubora. Bei hakuna. Namba ya simu iko chini kabisa, mpaka usukume ukurasa mara tano. Patro, mwenye duka, anaipenda slaidi hiyo kwa sababu alionyeshwa kwenye kompyuta ya mbunifu, kwenye waifai nzuri. Mteja wake yuko mtaa wa Katuba na simu ya bei ndogo, na amebakiwa na mega (MB) 100 za intaneti za kumalizia siku.

Mimi naona slaidi ya ukurasa wa mwanzo iondolewe, hata kama ndiyo iliyomfanya patro akubali kutoa makuta.

Chukua depo ya vifaa vya ujenzi katika komini ya Kenya, sehemu mojawapo ya jiji hili la Lubumbashi. Slaidi yake ina picha tatu zilizotoka kwenye kamera bila kuguswa: upana wa pikseli 4000, MB 3 kila moja. Hizo ni MB 9, karibu sehemu ya kumi ya zile mega 100, na mtu bado hajajua mfuko wa sementi ni bei gani. Simu nyingi za kawaida zina upana wa pikseli 1080 au chini ya hapo. Kinachozidi, mteja anakilipia na hakioni.

Baki na picha moja. Ifungue kwenye Squoosh, programu ya bure ya Google inayofanya kazi ndani ya kivinjari, punguza upana hadi 1080, chagua WebP, aina ya faili ya picha inayobanwa vizuri, weka ubora 75. Picha nyingi zitashuka chini ya KB 150. Ikigoma, itazame vizuri: mara nyingi imejaa majani, kokoto au umati wa watu, na vitu vidogovidogo vya namna hiyo havibaniki. Shuka hadi 65, au tafuta picha yenye ukuta mtupu nyuma. Kisha andika width na height, yaani upana na urefu wa picha, kwenye kodi ya ukurasa. Bila hivyo kivinjari hakijui kiache nafasi gani, maandishi yanaruka picha inapofika, na kidole kilichokuwa kinaelekea kwenye namba ya simu kinagusa kitu kingine. Na picha ya juu isiwekewe loading="lazy". Hilo ni agizo la kungoja kupakia picha mpaka mtu aikaribie, na ni la picha za chini; ukiliweka juu unaichelewesha ile ile ambayo Google inataka mara nyingi ionekane ndani ya sekunde 2.5.

Palipokuwa na slaidi, weka bei. Hapa wenye maduka wanakataa: jirani ataiona, halafu kiwango cha dola kinabadilika kila mara. Jirani anaijua tayari, hutuma mtoto kuuliza. Kuhusu dola, andika bei kwa dola, sema franka zinahesabiwa kwa kiwango cha siku ya kununua, na weka tarehe uliyoigusa bei mara ya mwisho. Bidhaa kumi zinazotoka sana zinatosha. Bei ya miezi minne iliyopita ni mbaya kuliko kutoweka bei, kwa hiyo mtu mmoja dukani apewe kazi hiyo kwa jina lake.

Kitufe cha WhatsApp ndipo panapoharibika kimyakimya. Kiungo ni https://wa.me/243 kisha tarakimu tisa, bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Wengi huibakiza sifuri baada ya 243. Mteja anaambiwa namba haipo, na duka halipati habari kamwe. Ongeza ?text= na swali fupi lililoandikwa tayari, kila nafasi kati ya maneno ikiwa %20, ili mteja abonyeze tu kutuma.

Wapo wanaosema Facebook na status za WhatsApp zinatosha. Kwa kutangaza, sawa. Lakini status inafutika baada ya saa 24, na anayetafuta mabati Jumanne hana haja na tangazo la Jumamosi.

Jambo dogo, lakini linaniudhi: maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe. Rangi #999999 haifikii uwiano wa 4.5 kwa 1, kati ya mwanga wa maandishi na wa nyuma yake, unaotakiwa na WCAG, kanuni za kimataifa za tovuti kusomeka na wote, kwa maandishi ya kawaida. #767676 inaupita kidogo tu. Na uwiano huo haukuhesabu jua la saa saba mchana sokoni.

Kabla ya kumlipa mbunifu sehemu ya mwisho, zima waifai, futa kumbukumbu ya kivinjari, mpe simu mtu asiyeijua tovuti, umwombe atafute bei ya mfuko mmoja na akupigie. Akikuuliza abonyeze wapi, kazi bado haijaisha, na makuta yabaki mfukoni.