Ukianza kutoa bure, toa hadi mwisho

Mwaka 2017 nilimfungia msichana stoo, nikamwacha humo.

Alikuwa mhusika mkuu wa simulizi niliyokuwa nikiitupia Facebook kila Jumanne na Ijumaa usiku. Sehemu ya 30 iliishia pale mjomba wake anapozungusha ufunguo mara mbili, kisha ndala zake zinasikika zikiburuzwa kuelekea getini. Chini yake nikaandika maneno ambayo kila msomaji wa hadithi za mtandaoni anayajua: "Mwendelezo unapatikana WhatsApp kwa shilingi 1,500 tu. Njoo inboksi." Wakati huo nilikuwa na watu zaidi ya mia nne waliokuwa wakilaiki au kukomenti kila sehemu. Waliolipa walikuwa 26.

Siku ya tatu nikapokea ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, nyuma yake mbwa anabweka kwa mbali. "Mwanangu, habari za saa hizi. Mimi ni mlinzi, tuko watatu lindoni. Mmoja wetu hajui kusoma, mwingine macho yamechoka, kwa hiyo msomaji ni mimi. Tumekufuata tangu sehemu ya kwanza. Sasa wenzangu kila usiku wananiuliza, yule binti katoka? Sina la kuwajibu." Akanyamaza kidogo, kisha akanitakia usiku mwema.

Hakuomba apewe bure, wala hakulalamikia bei. Nami nilimjibu kwa kumtumia namba ya kulipia.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya watunzi wenzangu, hasa wanaoanza, wanaoniuliza kama kuna faida kutoa hadithi bure ili kupata wasomaji. Jibu langu ni ndiyo, ipo, na kwa mtunzi asiye na jina sioni njia nyingine iliyo bora zaidi hapa kwetu. Lakini hadithi uliyoianza bure uimalize bure. Ukitaka kuuza, uza nyingine.

Najua hoja ya wanaopinga, maana nimeisikia kwa wachapishaji na kwa waandishi wakubwa kwangu: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Eti ukigawa kazi yako, unatangaza kwamba haina thamani. Methali naiheshimu, ila chema hujiuza pale kinapoonekana. Hapa Morogoro ingia duka la vitabu uangalie rafu: vitabu vya kiada, vya dini, madaftari, kamusi, na vya kufundisha utajiri. Riwaya ya mtu asiyefahamika itajiuzia wapi? Msomaji wangu yuko kwenye daladala, kwenye saluni akisubiri zamu yake, kibandani anakouza vocha, lindoni. Anasoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na huko ndiko lazima hadithi imfuate.

Halafu hii habari ya bure tuitazame vizuri. Msomaji wa bure analipa bando. Anatoa usingizi wake. Anawatag rafiki zake, anabishana na watu asiowajua kuhusu tabia ya mtu ambaye mimi nimemtunga nikiwa naosha vyombo. Anapokosa sehemu mpya anaandika "tunapata arosto huku, mtunzi uko wapi?" na neno hilo, la mtu aliyenyimwa kitu alichokizoea, ni heshima kubwa kuliko nyota tano za duka lolote. Sasa mtu huyu umemzoesha kwa wiki kumi na tano, halafu siku binti anafungiwa stoo unamwambia alipe. Yeye haoni biashara hapo, anaona ametegwa. Biashara ni kumwonyesha mtu bei kabla hajaingia.

Mila ya hadithi za mfululizo sisi hatukuianza na intaneti. Waliokua miaka ya 1990 na 2000 wanakumbuka magazeti ya Global Publishers, Uwazi na Ijumaa na Risasi, na hadithi za Eric Shigongo ndani yake. Gazeti moja lilisomwa na kinyozi, wateja wake, na mtoto wa jirani aliyetumwa kuliazima. Kulikuwa na watu waliokata kurasa na kuzibana pamoja kwa pini hadi hadithi iishe, kisha kitabu chake kilipotoka wakakitafuta, ingawa hadithi yote walishaisoma. Nyuma zaidi ya hapo, Shaaban Robert alisomwa kwanza kwa mashairi yake kwenye gazeti la Mambo Leo, miaka ya 1930, kabla ya vitabu vyake kuwa vitabu. Na nyuma ya hao wote yuko bibi na "Paukwa!" yake. Mtambaji wa Pwani alipofika mwisho alisema kwamba hadithi ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yake peke yake aliyeitengeneza. Alisema hivyo akiwa ameimaliza.

Wanaopenda mifano ya mbali, upo wa Andy Weir, mtunga programu za kompyuta wa Marekani. Mwaka 2009 alianza kuweka kwenye tovuti yake, sura moja moja na bila malipo, hadithi ya mwanaanga aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi. Baadhi ya wasomaji walikuwa watu wa sayansi, wakamsahihishia mahesabu yake. Alipomaliza, wasomaji walewale wakamwomba aiweke Kindle, huduma ya vitabu vya kielektroniki ya duka la Amazon, ili wasisumbuke nayo. Akaiweka mwaka 2011 kwa senti 99 za dola, kwa kuwa Amazon haikumruhusu kwenda chini ya hapo. Ikanunuliwa kwa maelfu. Mwaka 2014 wachapishaji Crown wakaitoa upya, na 2015 ikawa sinema. Watu walilipia kitu walichokuwa na uwezo wa kukisoma bure hadi nukta ya mwisho. Yuko pia Anna Todd, aliyeanza kuandika kwa simu mwaka 2013 akiweka sura zake Wattpad, mtandao wa kusomea na kuandikia hadithi, na mwaka uliofuata wachapishaji Simon & Schuster wakawa wanatoa vitabu vyake. Huyu namtaja kwa sababu ya ile simu. Wengi wetu nasi tunaandika kwa simu, na kuna watu wanatufanya tuone aibu.

Sisemi kila mtu atakuwa Weir. Nasema hakumkatia mtu hadithi njiani.

Sasa nieleze kilichonipata mimi baada ya kukata. Wale 26 niliwapa mwisho wao, lakini niliuandika kwa pupa. Nilikuwa nimezoea komenti mia mbili, watu wakikisia, wakinikosoa kwamba mtu wa Kilosa hawezi kusema hivi, wakinikumbusha kwamba gari nililolitaja sehemu ya 9 lilikuwa jeupe. Kwenye grupu la kulipia palikuwa kimya. Mtu akishalipa anasoma na kuondoka, na ni haki yake. Hadithi ikapoa mikononi mwangu. Sehemu kumi na nne nilizokuwa nimezipanga nikazibana zikawa tano.

Nilipoanzisha simulizi ya pili, mwaka 2018, komenti ya kwanza kabisa ilikuwa hii: "Dada, imeisha? Kama haijaisha naomba nisianze." Ikapata laiki nyingi kuliko posti yenyewe. Nenda leo kwenye grupu lolote la simulizi, au kwenye nyuzi za hadithi JamiiForums, uone ni mara ngapi swali hilo linaulizwa. Tumewafundisha wenyewe wasomaji wetu kutuogopa. Kuna watu wamejeruhiwa na hadithi ishirini zilizokatika, na sasa hawaanzi ya ishirini na moja, hata kama ni ya mtunzi mwingine kabisa asiyewahi kumkatia mtu. Aliyekata analipwa buku na buku jero zake, deni linabaki kwa wote.

Na kuna tabia nyingine inayoniuma zaidi, ya kumwambia msomaji "tukifikisha laiki 300 natupia sehemu inayofuata." Hadithi haikui kwa laiki. Ukishaandika hivyo, msomaji anajua sehemu iko tayari na wewe umeikalia. Toa siku uliyoahidi. Ukiugua, sema unaumwa. Watu wataelewa, watakuombea.

Bure pia isiwe kisingizio cha kuandika ovyo. Nimewahi kusoma simulizi ya kusisimua kweli, ya mwizi wa ng'ombe aliyeokoka, ila mtunzi ameandika "xaxa" na "cjui" na hajaweka nukta kwa aya tatu. Nilimfuata inboksi nikamwambia kwa upole kwamba hadithi yake inastahili mavazi bora. Akanijibu, "Si ya bure tu, dada." Hapana. Ya bure ndiyo itakayokutambulisha, ndiyo iandikwe kwa uangalifu kuliko zote. Ipitie mara mbili, mpe mtu aisome kwa sauti. Sehemu iwe ya kusomeka kwa safari moja ya daladala, na jina lako liwe ndani ya maandishi, mwanzoni na katikati, kwa sababu la juu litafutwa.

Litafutwa, ndiyo. Wizi upo. Simulizi yangu niliikuta inasomwa kwa sauti kwenye chaneli moja ya YouTube, imebadilishwa jina, na aliyeitwa mtunzi si mimi. Nililia siku hiyo. Baadaye nikajifunza kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalilinda andiko tangu linapotungwa, bila kusubiri usajili, ila utakapodai utaulizwa ushahidi. Kwa hiyo tunza rasimu zako, jitumie kila sehemu kwa barua pepe kabla hujaitupia, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, nao wanapokea kazi kwa usajili. Kuikata hadithi katikati hakumzuii mwizi. Ile ya YouTube walisoma hadi sehemu ya 30, wakaandika nao "itaendelea".

Kabla hujatupia lolote, jiulize pia kama hiyo ndiyo hadithi unayoiwazia tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu na ile ya Safal ya fasihi ya Kiswahili zina masharti yake kuhusu kazi zinazopokelewa, na yasome kabla, si baada. Mimi nina droo mbili. Droo ya kwanza ni ya hadithi za watu wote, zinazoanza na kuisha hadharani. Ya pili haigusi mtandao hadi iwe kitabu. Mwaka 2021 nilitoa kitabu changu cha kwanza kutoka droo hiyo ya pili, nakala 300 kwa fedha zangu mwenyewe, shilingi 10,000 kila kimoja. Nakala 180 ziliondoka miezi miwili ya mwanzo, karibu zote kwa watu walionisoma bure. Wengi walituma fedha kwa simu kabla hata sijawatajia kinahusu nini. Mmoja aliandika, "Wewe unamaliga hadithi zako, nitumie viwili." Aliandika hivyohivyo, "unamaliga", na sijaifuta meseji ile.

Walijuaje kwamba namaliza? Hapo inabidi nirudi stoo.

Ujumbe wa yule mlinzi ulibaki kwenye simu yangu. Nilibadilisha simu, nikauhamisha. Kila nilipokaa kuandika kitu kipya niliisikia ile "sina la kuwajibu" yake. Aprili 2019, wiki ya mvua kubwa, umeme unakatika kila jioni, nikazifungua upya zile sehemu tano za pupa nikazifuta. Nikaandika kumi na nne kama nilivyokuwa nimezipanga tangu mwanzo. Nikawaomba radhi wale 26, nikawatumia wao kwanza pamoja na fedha yao, ingawa sita waliirudisha. Kisha nikazitupia zote Facebook, hadharani, kila Jumanne na Ijumaa, kwenye posti ileile iliyokuwa imesimama kwa karibu miaka miwili.

Yeye sikumsubirisha. Nilimtumia zote kwa pamoja WhatsApp, nikatanguliza shikamoo na kumwambia mimi ni nani, nikidhani amesahau au namba imebadilika. Alama moja ya kijivu ilikaa hadi jioni. Saa nne usiku zikawa mbili, kisha ikaja sauti yake, na safari hii ilikuwa ya haraka haraka.

"Marahaba, mwanangu, asante sana. Yule mwenzetu asiyejua kusoma alihamishiwa lindo la Kihonda, lakini nimeshampigia, anakuja kesho jioni akitoka. Tutaanzia ile ya thelathini ili tukumbuke. Sasa wewe usiniambie kama katoka."