Mwitikiaji Asiyealikwa

Kundi letu lilikuwa na vijana watano na jina ambalo sitalitaja hapa, kwa sababu baba zetu bado wanakwenda msikitini na watu.

Albamu yetu ya kwanza tuliirekodia Mkomani, Lamu, nyumbani kwa nyanya yangu, katika chumba cha ndani chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ukuta mzima. Studio za Mombasa hutoza kwa saa. Nyanya hutoza kwa maswali. Mmekula? Huyo mwenye nywele ni mtoto wa nani? Na hiyo kelele mnalipwa au mnalipa?

Nyumba za kale za Lamu hazikujengwa kwa ajili ya bendi. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko, ni mita 3 ukibahatika, kwa hiyo tulikaa mstari mmoja: mwimbaji mbele, mimi na kinanda nyuma yake, na mpiga ngoma mwisho kabisa, mgongo wake kwenye mlango wa choo. Zidaka tulizijaza mito ili sauti isirudi. Mlangoni tukatundika godoro. Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe, nene, hazipitishi hata ugomvi wa jirani. Lakini ua wa ndani uko wazi juu, na yote ya mtaani huingia kwa hapo bila hodi.

Mchana haikuwezekana. Mji wa kale una misikiti zaidi ya 20 na haianzi adhana kwa pamoja. Huyu akimaliza, yule anavuta pumzi. Katikati ya hiyo kuna mafundi wanaogonga mawe na akina mama wanaoitana juu ya mapaa. Tukabaki na usiku, baada ya Isha, nyanya akishalala.

Usiku nao una wenyewe. Punda wa Lamu wanakisiwa kuwa 3,000 hivi. Mchana wanabeba mchanga, mawe na saruji katika vichochoro ambavyo gari haliwezi hata kuota kupita. Jioni wanavuliwa shogi za mizigo na kuachwa wazurure. Wakishapumzika wanazungumza.

Wimbo wa nne ulikuwa wa mapenzi, wa polepole, na ndio tuliouwekea matumaini yote. Ulianza bila ala yoyote. Mwimbaji wetu, binamu yangu, anaomba: "Niitikie mahabuba, niitikie." Kisha ananyamaza kidogo ili msikilizaji aumie. Usiku mmoja alinyamaza hivyo, macho kayafunga, mkono kifuani, na punda akaitikia kutoka kichochoroni, kwa nguvu zote na kwa urefu wote. Tulicheka mpaka mpiga ngoma akaangukia chooni. Binamu akarudia upya, safari hii kukawa kimya, na ile ya mwanzo tukaiandika "ya kutupa".

Faili zote zikaenda Mombasa kwa prodyuza.

Uzinduzi tuliutaka Alhamisi usiku, kwa kuwa albamu ilipangiwa kutoka mitandaoni Ijumaa, siku ambayo dunia nzima hutoa muziki mpya tangu 2015. Wazee wakatukumbusha kwamba Alhamisi usiku ni usiku wa Ijumaa, mji una nyiradi zake. Tukapewa Jumatano, uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu.

Flashi yenye albamu iliyokamilika ililetwa na utingo wa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa mashua, ikanifikia karibu na Magharibi huku nyaya za spika bado zinatafutana. Kusikiliza kwanza? Kwa wakati upi? Mkunguni palishajaa. Vijana walikaa chini, mabibi kwenye viti, watoto juu ya kila kinachopandika. Mstari wa mbele alikaa mama wa msichana ambaye binamu alikuwa ameanza kupeleka salamu kwao. Pembeni, kwenye baraza, wazee wa udi na kahawa chungu. Huu ndio mji uliomzaa Zein l'Abdin, gwiji wa taarabu na udi. Masikio ya wazee wale hayababaishwi na kinanda cha betri.

Nyimbo tatu za kwanza zilipita salama. Watu walitikisa vichwa kwa adabu, namna wanavyotikisa kwa hotuba ya mgeni rasmi. Mzee mmoja alisinzia, na mimi nikalichukua hilo kuwa ni dalili nzuri.

Ukaingia wa nne. "Niitikie mahabuba, niitikie." Kimya. Hata mawimbi nadhani yalisikiliza.

Akaitikia.

Lakini hakuwa tena punda wa kichochoroni. Prodyuza alikuwa amempaka mwangwi, amemgawa huku na huku, spika ya kulia ikianza na ya kushoto ikimalizia. Ngome ilikuwa gereza kuanzia 1910 hadi 1984, na usiku ule nilisikitika kwamba waliifunga, maana tungekimbilia humo na kuomba tufungiwe. Watoto walianguka kutoka walipopanda. Mama mkwe mtarajiwa alijifunika uso kwa buibui, mabega yakimcheza, kisha akaacha kujificha, akacheka waziwazi akipiga mapaja. Na punda wa kweli waliokuwa karibu na gati, wakidhani mwenzao ana shida, wakajibu wote.

"Rudia!" watu wakapiga kelele. "Rudia hapo hapo!"

Fundi wa spika, ambaye alilipwa nusu tu, akarudia.

Nilimpigia prodyuza simu nikiwa nyuma ya mbuyu wa spika. "Nilizisikiliza zote mbili," akasema, bila wasiwasi. "Ile safi imekufa, ndugu yangu. Hii ndiyo yenye hisia. Nilijua ni ubunifu wenu wa kisiwani." Kuibadilisha mitandaoni, akaeleza, ni lazima albamu itolewe, ipelekwe upya, ilipiwe upya. Pesa zetu zilikuwa zimekwishia kwenye bango lenye picha zetu, ambalo upepo wa kusi ulilipeleka baharini hata kabla ya wimbo wa pili.

Uhakiki wa kwanza ulitoka barazani usiku huo huo. Mzee mpiga udi aliniita.

"Mwanangu, ndoo hapa. Huyo kijana wenu anakata maneno, hana pumzi. Punda hulia akivuta pumzi na hulia akiitoa. Mwambie akajifunze."

"Na nyimbo nyingine, ami?"

"Zipi?"

Ijumaa albamu ikatoka, na kwa jumla mapokezi yalikuwa makubwa. Tatizo ni kwamba punda analia kwenye sekunde ya 22, anamaliza kwenye ya 27. Spotify haihesabu kwamba umesikiliza wimbo mpaka ufikishe sekunde 30. Mji mzima, na baadaye Malindi na Mombasa, watu wakawa wanamsikiliza punda, wanacheka, wanarudisha mwanzo. Wimbo uliosikilizwa kuliko nyimbo zote zilizowahi kutoka mtaani kwetu, na kwenye hesabu ulikuwa chini ya ule wa saba, ambao ni wa kumsifu mjomba aliyetununulia gita na ambao mjomba anausikiliza mpaka mwisho kila siku.

Kisha akaja mwenye punda.

Alikuja mlangoni kwa nyanya na mashahidi wawili, akakataa chai kwanza, jambo ambalo Lamu ni sawa na kufungua kesi. "Sauti ile ni ya punda wangu," akasema. "Sikizeni pale mwisho, pana kikohozi. Mwezi ule alikuwa na kifua, nikampeleka kliniki ya punda. Waulizeni." Kliniki hiyo ipo mjini tangu 1987 na huwajua wagonjwa wake. Hatukuwa na la kujibu, maana kikohozi kipo. Prodyuza alikuwa amekitia mwangwi nacho.

Ikabidi aitwe maalim mmoja mstaafu, ambaye hutumiwa kwa mirathi na mipaka ya viwanja. Alivaa miwani, akasikiliza wimbo kwa uzito, akafika sekunde ya 22, akavua miwani, akaomba dakika kidogo za kwenda nje. Aliporudi alitufahamisha kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa.

"Ya punda au yangu?" mwenye punda akauliza, na nikaona anaanza kupiga hesabu.

Maalim alisema sheria inazungumzia watu. Mwenye punda akasema basi sheria haijafika Lamu. Nyanya, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza kama punda amekula. Tukaafikiana gunia la pumba kila mwezi mpaka watu wachoke kucheka. Hadi leo hawajachoka, na pumba imepanda bei. Mapato ya albamu hayajawahi kufikia hata nusu gunia.

Shoo ya kwanza ya kulipwa tuliyopata ilikuwa harusi huko Langoni. Mama wa bwana harusi alitaja malipo mazuri, kisha akasema, "Na yule mwenzenu mje naye." Tukamwogesha, tukamvisha leso. Alipanda jukwaani kwa utulivu kuliko mpiga gita wetu. Ukaanza wimbo. "Niitikie mahabuba, niitikie." Kimya. Ukumbi mzima wa akina mama ukamtazama. Punda akaitazama sinia ya kaimati.

Mimi nilimfinya. Mwenyewe alimbembeleza. Hakuna.

Binamu akatugeukia, akatugeukia tena, akaona ukumbi bado unangoja na malipo bado hayajatolewa. Akafumba macho, akaweka mkono kifuani, akalia yeye, akivuta pumzi na akiitoa, kama alivyoelekezwa na mzee wa udi. Vigelegele vikapasua paa. Mama mmoja mnene aliinuka na kuja kumtunza, akambandika noti ya 100 kipajini, akamwinamia sikioni, na maiki ilikuwa wazi:

"Umejitahidi, mwanangu. Lakini yule wa kwenye albamu alia vyema zaidi."