Vidonge vya Bahari

Mimi na bahari hatupatani. Hata kivuko cha dakika kumi hunitoa kifungua kinywa chote. Mpwa wangu aliponiambia tunakwenda Greenwich, London, kupanda Cutty Sark, ile meli ya matanga ya zamani, nikajikaza kiume. Nikameza kisirisiri vidonge viwili vya kichefuchefu. Karatasi ilisema kimoja.

Kufika, naona milingoti mitatu juu na kioo kimeizunguka meli kama maji. Ukiitazama kwa mbali utaapa inaelea. Nikapanda sitahani nimeng'ang'ania kamba kwa mikono miwili.

"Mjomba, mbona unatembea kama kaa?"

"Bahari imechafuka leo."

"Mjomba, meli hii iko gudini tangu 1954! Hicho ni kioo."

Sawa, ila vidonge havikuambiwa kwamba tuko nchi kavu. Mpwa anaeleza ilivyojengwa Scotland ili ikimbize chai kutoka China, ikashushwa majini Novemba 1869, siku tano tu baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa na kuzipa meli za moshi njia ya mkato (nikafarijika, kumbe kuna wenye nuksi kunishinda), na mimi kope zinashuka zenyewe kama tanga lililokatika kamba.

Wahenga walisema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi hata ngama niliipitiliza, nikateremka mpaka chini ya mkuku, maana meli yenyewe imeinuliwa mita tatu hivi na watu hupita chini yake. Huko zimepangwa sanamu za omo, mabibi na mabwana wa mbao waliopakwa rangi mashavuni. Kando yao palikuwa na kiti. Nikasema nipumzishe macho kidogo tu.

Nilizinduliwa na kidole shavuni.

"Mwalimu, hii wameitengeneza vizuri! Hata udenda inatoa!"

Darasa zima limenizunguka na madaftari. Nikaona nikifumbua macho nitawaua kwa hofu, basi nikatulia tuli kama mbao. Ningefaulu, kama si chafya.

Mayowe! Penseli zikamwagika, mwalimu akaruka nyuma. Mpwa wangu amesimama nyuma yao, simu juu, anarekodi huku machozi ya kicheko yakimtoka.

Mtoto mmoja tu hakukimbia. Akainua daftari lake.

"Samahani, unaweza kurudi ulivyokuwa? Bado sijamaliza mdomo."

Nikakaa, nikaachama.